Pembe Zisizo na Shahidi: Msimu wa Kulungu na Soga Zake Wisconsin

Mwaka 1914, karibu na kijiji cha Danbury, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kijana wa miaka 22 aitwaye James Jordan alifuata nyayo za kulungu dume kwenye theluji mpaka akamwangusha kandokando ya Mto Yellow. Dume alikuwa mkubwa kupita kiasi. Jordan akampelekea kichwa fundi wa kukausha vichwa vya wanyama, wakapatana dola 5. Fundi akahama mji, kichwa kikaondoka naye, na Jordan akabaki na hadithi peke yake.

Hadithi hiyo aliisimulia kwa nusu karne. Kila mwindaji anajua adha ya kusimulia windo huku huna cha kuonyesha: wenzako wanakusikiliza kwa adabu, wanatabasamu, halafu mmoja anauliza pembe ziko wapi. Mwaka 1958 pembe zikaibuka kwenye uuzaji wa vitu chakavu huko Sandstone, jimbo jirani la Minnesota, na mtu akazinunua kwa dola 3. Zilipopimwa kwa taratibu rasmi zikapata alama 206 na moja ya nane, zikawa rekodi ya dunia ya kulungu wa mkia mweupe mwenye pembe za umbo la kawaida. Daftari la rekodi likaandika mahali zilipotoka: Sandstone. Mwindaji: hajulikani.

Jordan alipoziona mwaka 1964 alizitambua papo hapo. Lakini kutambua ni jambo moja na kuaminiwa ni jambo jingine. Wenye daftari ni klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt, yule yule aliyeteremka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda Afrika Mashariki akiwa ametoka tu kuwa rais. Klabu ilichunguza, ikahoji, ikasubiri. Desemba 1978 ikakubali kwamba aliyempiga dume yule ni James Jordan. Mzee alikuwa amefariki Oktoba, akiwa na miaka 86. Rekodi yake ilikaa hadi Novemba 1993, pale mkulima mmoja wa Saskatchewan, Kanada, Milo Hanson, alipopata dume wa alama 213 na tano ya nane.

Wawindaji wana sifa mbaya ya kutia chumvi, na si Wisconsin tu. Mtu aliyekosa shabaha kwa mita 30 atakuambia zilikuwa 150, na upepo ulikuwa mkali. Ila kadiri unavyoutazama msimu wa kulungu wa jimbo lile, ndivyo unavyoona kwamba shughuli nzima, kuanzia hesabu ya wanyama mpaka usalama wa watu na ugonjwa unaowatafuna kulungu hivi sasa, inategemea maneno ya mwindaji: amesema nini, amemwambia nani, na ameaminiwa kiasi gani.

Msimu wenyewe wa bunduki ni siku 9. Unaanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huisherehekea Alhamisi ya nne ya Novemba, na unaishia Jumapili inayoifuata. Risasi ya kwanza inaruhusiwa nusu saa kabla jua halijachomoza. Wenye leseni ni zaidi ya nusu milioni katika jimbo lenye watu wasiozidi milioni 6. Tafakari kidogo: zaidi ya nusu milioni ya raia, kila mmoja na bunduki yake, wanaingia porini ndani ya siku hizo chache. Jimbo la Michigan, hapo jirani, lina siku yake, Novemba 15, iangukie siku yoyote ya wiki. Kule Rasi ya Juu ya jimbo hilo shule nyingi hufungwa, maana walimu na wanafunzi wote wako msituni. Pennsylvania ilikuwa na Jumatatu yake baada ya Sikukuu ya Shukrani, hadi mwaka 2019 ilipoihamishia Jumamosi, na wazee wa huko walilalamika kama watu walioibiwa sikukuu.

Kwa msomaji wa Nairobi jambo hili linahitaji maelezo, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Hata Tanzania, ambako leseni zipo, ukitaja mwindaji watu wengi wanamwona ama mtalii mwenye dola zake na gari la wazi, ama jangili mwenye nyaya za kutegea. Wisconsin mwindaji ni fundi magari, nesi, mwalimu wa hesabu, muuza bima. Leseni ya mkazi wa jimbo imekuwa dola 24 kwa miaka mingi. Kulungu si mali ya mwenye shamba hata akilala uani kwake. Ni mali ya umma, chini ya uangalizi wa jimbo. Nyama unaruhusiwa kula, kugawa, au kuitoa kwa mpango wa kulisha wasiojiweza, ulioanza mwaka 2000. Kuuza hairuhusiwi hata kipande. Katazo hilo lilizaliwa na aibu: katika karne ya 19 wawindaji wa biashara waliwapiga kulungu na kupakia mizoga kwenye mabehewa kwenda kuuzwa mijini, mpaka mwaka 1900 ulipofika nchi nzima ilikadiriwa kubakiwa na kulungu kama nusu milioni, pengine pungufu. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 30.

Novemba pia ni mwezi wa kupandana. Dume aliyekuwa mwangalifu mwaka mzima, anayetoka giza likishaingia tu, anapoteza akili. Anasugua pembe kwenye miti michanga hadi gome linabanduka, anaparura ardhi na kuikojolea, anavuka barabara kuu mchana kweupe akifuata harufu ya jike. Pembe hizo, tofauti na za swala na kulungu wetu, hudondoka kila mwaka baada ya majira ya kupandana na kuota upya kuanzia masika ya huko, zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya. Kwa hiyo hakuna pembe za mwaka jana. Dume uliyemkosa Novemba hii, akinusurika baridi, atarudi na pembe nyingine, na ubishi wa kwamba ni yule yule utakwenda mpaka mtu agonge meza.

Meza hiyo ipo kambini. Kambi ya kulungu ni kibanda cha mbao chenye jiko la kuni, vitanda vya juu na chini, soksi zinazokaushwa juu ya kamba, karata na bia. Wanaume wa ukoo mmoja hukutana hapo vizazi kwa vizazi, na siku hizi mabinti na wake pia. Usiku wa kuamkia Jumamosi hakuna anayelala vizuri. Kuna desturi ya kale ya kambini: ukimkosa kulungu, wenzako wanakukata kipande cha mkia wa shati, na kipande kinapigiliwa ukutani. Jeff Daniels, mwigizaji aliyekulia Michigan, aliandika tamthilia ya vichekesho juu ya maisha haya, Escanaba in da Moonlight, iliyochezwa kwanza mwaka 1995 na kufanywa filamu mwaka 2001. Mhusika wake mkuu ni mwanamume mzima ambaye hajawahi kupiga dume hata mmoja, na fedheha hiyo inaikaba familia nzima. Ukiwa nje ya dunia hiyo unaona ni utani. Ukiwa ndani, utani una mwiba.

Cha kushangaza ni kwamba soga zinazosikilizwa kwa makini kuliko zote si za ushindi. Dume mwenye pembe za ncha 10 aliyesimama wima umbali wa mita 40 akapigwa akaanguka pale pale, hiyo ni hadithi ya dakika moja. Watu wanasogeza viti mtu anapoanza kueleza jinsi alivyompiga na hakumwona tena.

Hapo ndipo elimu inapopita kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana, na inahusu damu. Mwindaji amekaa juu ya ulingo wake mtini, amefyatua, kulungu ameruka na kutoweka kwenye vichaka. Kosa la mgeni ni kushuka mbio na kumfuata. Mzoefu anatulia, anakumbuka mnyama alirukaje, alikimbia mkia juu au mkia chini, aliingilia mti gani. Baada ya nusu saa anashuka, anakwenda pale aliposimama mnyama na kupiga magoti. Damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu madogo inatoka mapafuni: mnyama yuko karibu, amekwisha kufa. Damu nzito, nyekundu iliyoelekea weusi, ni ya ini: rudi kambini, kunywa kahawa, subiri saa 4. Ukikuta majimaji ya kijani au kahawia yenye chembechembe za nyasi na harufu ya kinyesi, risasi imepita tumboni. Mnyama atakufa, lakini taratibu, naye akihisi anafuatwa atanyanyuka na kwenda kilomita nyingine 2 mpaka kwenye kinamasi usikoweza kumfikia. Hapo unangoja saa 8, 10, au usiku mzima, huku ukisikia theluji ikianza kuanguka juu ya alama zako zote. Manyoya nayo yanasomeka: meupe ya tumboni, ya kahawia yenye ncha nyeusi ya mgongoni. Mtu anafunga utepe kwenye kijiti kila anapoona tone, ili akigeuka nyuma aone mstari wa safari ya mnyama.

Aliyempoteza kulungu kwa kukosa subira atakiri mbele ya wenzake, kwa uchungu, hata miaka 20 baadaye. Nadhani maungamo hayo yamewafunza vijana wengi kuliko kitabu chochote cha idara ya maliasili ya jimbo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na pale kambini wanayo ithibati yake, imeandikwa kwa nyama iliyoozea kinamasini.

Akipatikana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kulungu anapasuliwa papo hapo, mvuke ukipanda kutoka tumboni kwenye baridi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Kisu kinakwenda na makali juu, vidole viwili vikitangulia kuinua ngozi, ili kisitoboe utumbo wala kibofu. Unakata kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, unaingiza mkono hadi kiwiko kutafuta koo, unakata, na vyote vinatoka kwa pamoja. Kisha anaburutwa juu ya theluji hadi barabarani. Jike mzima mwenye afya humwachia mtu kilo 20 na ushei za nyama safi, na nyama hiyo inageuka soseji, vipande vya kukaushwa na mchuzi wa maharage na pilipili wa kulisha nyumba hadi masika.

Zamani, kabla ya kufika nyumbani, kulikuwa na kituo kimoja cha lazima. Sheria ilimtaka kila mwindaji apeleke mzoga wake kusajiliwa, na vituo vilikuwa baa, sheli za mafuta, maduka ya silaha na ya vyakula. Magari madogo ya mizigo yakapanga foleni, miguu ya kulungu ikichungulia nyuma. Watu wakatoka kwenye baa na bilauri mkononi kuja kukagua. Ndicho kilikuwa kijiwe kikubwa cha mwaka: hapo hadithi ilikutana na mzoga, na mwongo alijulikana. Huwezi kudai dume wa ncha 12 wakati ncha 7 zinaonekana na kila mtu.

Katika vituo vingine alikuwepo mtaalamu wa wanyamapori wa jimbo, mwenye tochi na chuma cha kufungulia taya. Umri wa kulungu uko kwenye meno ya kutafunia ya taya la chini. Jino la tatu kati ya hayo, ukihesabu kutoka mbele, kwa mnyama mdogo lina vilele vitatu. Akifikisha mwaka mmoja na nusu hivi, jino hilo hung'oka na kuachia jipya lenye vilele viwili. Kwa wakubwa zaidi unatazama ulaji wa meno, sehemu ya kahawia ikipanuka na nyeupe ikipungua. Mwindaji aliyejigamba amempiga "babu wa msitu" aliambiwa mbele ya hadhara kwamba babu ana miaka miwili na nusu. Na wakati mtaalamu anapima, anauliza: ulimpigia wapi, uliwaona wangapi, majike walikuwa na watoto? Hesabu ya idadi ya kulungu jimboni ilijengwa juu ya majibu hayo na meno hayo.

Mwaka 2015 Wisconsin iliuondoa ulazima huo. Sasa unasajili kwa simu au kwa intaneti, mwisho saa 11 jioni ya siku inayofuata. Ni rahisi, ni nafuu, na mwenye kulungu kilomita 60 kutoka kijijini hana sababu ya kulalamika. Lakini wenye baa walilalamika, wataalamu wengine nao hawakufurahi, na mimi niko upande wao. Simu haikuulizi uliona nini, na hakuna jirani anayekuchungulia mabegani unapobofya.

Mvutano kati ya maneno ya wawindaji na takwimu za jimbo ni wa siku nyingi. Aldo Leopold, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ambaye leo anatajwa kama baba wa usimamizi wa wanyamapori, alijikuta katikati yake mwaka 1943. Kulungu walikuwa wengi kuliko chakula, wakifa kwa njaa kila majira ya baridi, na yeye akaunga mkono kuruhusu majike na watoto wapigwe. Wawindaji waliolelewa kuamini kwamba kupiga jike ni dhambi wakachachamaa. Liliundwa kundi la kuwatetea kulungu, likatoa gazeti lake la kumshambulia Leopold na wenzake, na msimu ule ukabatizwa uhalifu wa 43. Alifariki mwaka 1948 bado akipingwa. Baadaye jimbo likaleta kanuni nyingine: huruhusiwi kupiga dume mpaka upige kwanza mnyama asiye na pembe. Kibaiolojia ilifanya kazi. Kambini ilichukiwa kama kodi ya kichwa, na mwaka 2011 wanasiasa wakaifuta. Mwindaji aliyekaa siku tatu juu ya ulingo bila kuona hata mkia hakubali kuambiwa na mtu wa ofisini kwamba kulungu ni wengi mno.

Zipo pia hadithi ambazo sauti hushuka zinapotajwa. Novemba 2004, katika kaunti ya Sawyer, mwindaji mmoja Mhmong, wa jamii iliyokimbilia Marekani kutoka Laos baada ya vita, alikutwa kwenye ulingo ndani ya ardhi ya watu binafsi. Wakamtaka aondoke. Yeye alidai mahakamani kwamba alitukanwa kwa asili yake na kurushiwa risasi. Manusura walisimulia vingine. Watu 6 walikufa na 2 wakajeruhiwa, naye akahukumiwa vifungo vya maisha. Januari 2007 Mhmong mwingine, aliyekuwa akiwinda kuchakuro, aliuawa na mwindaji mzungu. Wahmong walikuwa wawindaji hodari tangu milimani kwao, ambako msitu haukuwa na uzio wala hatimiliki. Waojibwe, wenyeji wa kaskazini ya jimbo, wana kisa kingine na hatimiliki hizo hizo: mikataba ya 1837 na 1842 iliwaachia haki ya kuwinda kwenye ardhi waliyoitoa, ikapuuzwa zaidi ya karne, hadi mahakama ya rufaa ilipoithibitisha mwaka 1983.

Ajali za kawaida, kwa upande wake, zimepungua sana, na sababu mojawapo unaiona kutoka mbali. Tangu mwaka 1980 kila mwindaji wa msimu wa bunduki lazima angalau nusu ya mavazi yake ya juu ya kiuno yawe ya rangi ya chungwa inayowaka. Mwaka 2016 wakaongeza waridi inayowaka. Kulungu haioni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi. Pia, aliyezaliwa Januari 1, 1973 au baadaye hapati leseni ya kuwinda peke yake bila kuhitimu mafunzo ya usalama: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, elekeza mtutu pasipo na madhara, hakikisha unachokilenga na kilicho nyuma yake, kidole nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari kupiga. Mzee yeyote wa kambini atakutajia mistari hiyo minne hata akiwa usingizini.

Kinachowagawa wawindaji sasa ni ugonjwa. Februari 2002 jimbo lilitangaza kwamba kulungu waliopigwa msimu uliotangulia, karibu na Mount Horeb, wana maradhi ya kudhoofika ya ubongo, yaliyoonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Husababishwa na prioni, protini iliyopinda ambayo haiharibiki kwa kupikwa, na ambayo hudumu ardhini miaka mingi. Mnyama anakonda, anadondosha mate, anasimama akiduwaa, kisha anakufa. Lakini kwa muda mrefu kabla ya hapo anaonekana mzima kabisa, na huyo ndiye anayeishia kwenye friza. Katika baadhi ya maeneo ya kusini-magharibi, zaidi ya theluthi ya madume wakubwa wanakutwa nao. Haujathibitika kumwambukiza binadamu hata mmoja. Taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa inashauri hata hivyo kwamba nyama ya mnyama aliyekutwa na ugonjwa isiliwe.

Kwa hiyo pembezoni mwa barabara yamewekwa masanduku makubwa. Mwindaji anakata kichwa pamoja na kipande cha shingo, anakitia kwenye mfuko, anajaza fomu: kaunti gani, sehemu gani, tarehe gani. Maabara inachunguza tezi za limfu zilizo nyuma ya koo, na jibu linamfikia baada ya wiki moja au mbili. Nyama inasubiri kwenye barafu, imefungwa na kuandikwa namba ili isichanganywe na ya jirani.

Wengine hawapeleki kichwa. Wanasema wamekula kulungu tangu utotoni, baba zao wamekula, na hakuna aliyedhurika. Wengine wanapima kila mnyama na kutupa kilo 25 za nyama bila kusita jibu likija baya. Kambi moja inaweza kuwa na watu wa pande zote mbili, na karata zikichanganywa wanazungumza mengine. Idara haiwezi kuwalazimisha. Upimaji, kwa sehemu kubwa ya jimbo, ni wa hiari. Ramani ya ugonjwa inachorwa na wale tu walioamua kusimama pale kwenye sanduku na kuandika ukweli juu ya fomu, na kaunti ambayo wawindaji wake hawasemi kitu inabaki nyeupe kwenye ramani, kana kwamba iko salama.